Mtu Mmoja, Kadi Moja

Makarani wa sensa walipoifikia Kasoli, Bariadi, mwezi Agosti 1967, hapakuwa na Mkoa wa Simiyu. Simiyu lilikuwa jina la mto. Eneo la Bariadi lilihesabiwa chini ya Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Shinyanga, na mkoa tunaoujua leo ulikuja kuundwa mwaka 2012. Sensa hiyo ilikuwa ya kwanza kufanywa tangu Uhuru, na ya kwanza kwa Tanzania kama nchi moja. Jumla yake ilikuwa watu 12,313,469.

Namba hiyo tunaisoma kwa pumzi moja, lakini haikupatikana kwa pumzi moja. Karani aliandika kwa kalamu: jina, jinsia, umri, uhusiano na mkuu wa kaya. Fomu zikikusanywa wilaya hadi wilaya, huwa rundo lisilosema kitu. Mtu akitaka kujua wanawake wangapi wa Maswa wana umri wa miaka 15 hadi 19, itambidi afungue kila fomu, aweke alama pembeni, kisha aanze upya kwa swali linalofuata. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi kompyuta zilipoenea, ofisi za takwimu duniani ziliikwepa adha hiyo kwa kadi ya karatasi ngumu yenye matundu, na kwa mashine iliyozichambua kadi hizo kwa maelfu kila saa.

Historia za sensa huandikwa kwa majina ya makamishna na wataalamu wa idadi ya watu. Ninaamini mafundi na waendeshaji wa mashine hizo wanastahili kurasa zao pia, kwa kuwa hesabu ya mahali padogo, pa kiasi cha Kasoli, ilikuwa rahisi kuharibika mikononi mwao kuliko mahali pengine popote. Kosa la watu mia moja halionekani katika jumla ya taifa, lakini katika jumla ya kijiji linaweza kuondoa darasa zima la shule.

Mwanzo wake ulikuwa Marekani. Sensa yao ya mwaka 1880 ilijumlishwa kwa mkono na kazi ikavuta miaka, hata ikahofiwa kwamba ya mwaka 1890 ingefika kabla hesabu za iliyotangulia hazijaondoka mezani. Herman Hollerith, mhandisi aliyezaliwa Buffalo mwaka 1860, ndiye aliyewapa njia ya kutokea. Kila mtu alipewa kadi yake, na kila jibu likawa tundu mahali pake maalumu. Karani wa mashine aliiweka kadi kwenye kishinikizo, akavuta mkono wa chuma, na sindano zenye springi zikashuka. Palipokuwa na karatasi, sindano ilizuiwa. Palipokuwa na tundu, sindano ilipita na kuchovya ncha katika kikombe kidogo cha zebaki, mzunguko wa umeme ukakamilika, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Papo hapo kifuniko cha kisanduku kimoja pembeni kilifunguka chenyewe. Karani alidondosha kadi humo, akafunga kifuniko kwa mkono, akachukua kadi nyingine. Watu wapatao milioni 63 walihesabiwa kwa namna hiyo.

Kisanduku kile cha pembeni ndicho babu wa mashine tunayoizungumzia. Hollerith aligundua upesi kwamba kuhesabu ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kupanga: kuweka pamoja kadi za kata moja, kisha ndani ya kata wanaume na wanawake, kisha ndani ya jinsia kila rika. Mashine yake iliyojilisha kadi yenyewe na kuzipanga ilikuja kwa ajili ya sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 1900. Inafaa wakulima wa pamba kulijua hilo, kwamba mashine ya kuchambua kadi iliundwa kwa sababu taarifa za mashamba zilikuwa nyingi mno kwa mikono ya makarani.

Kuja kwake upande wetu kulipitia Uingereza. Kampuni ya British Tabulating Machine iliundwa mwaka 1907 na kupata haki ya kuuza mitambo ya Hollerith katika himaya yote ya Uingereza isipokuwa Kanada, makubaliano yaliyodumu hadi 1949. Kiwanda chake kikubwa kilikuwa Letchworth. Mshindani wake alikuwa Powers-Samas, kampuni iliyotokana na kazi ya James Powers, ambaye mashine zake zilitumia matundu ya duara na kuyasoma kwa pini za chuma badala ya mkondo wa umeme. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1959 na kuwa ICT, na mwaka 1968 ICT ikaingia katika muungano mwingine uliozaa ICL. Ofisi ya serikali, reli au bandari ya koloni la Kiingereza iliyotaka kadi na mashine zake ilikuwa na milango hiyo miwili ya kubisha.

Kwa Tanganyika, kituo cha takwimu kilikuwa Nairobi. Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki ndiyo iliyosimamia sensa ya 1948 na ile ya 1957, na vitabu vya matokeo ya Tanganyika vilitolewa huko. Mwaka 1948 Waafrika walihesabiwa mwezi Agosti kwa maswali machache sana, kisha sehemu ya kumi hivi ya watu wakarudiwa kwa maswali ya kina. Hesabu fupi kwa wote, hesabu ndefu kwa wachache: huo haukuwa uvivu. Kila swali lililoongezwa lilikuwa safu nyingine ya kutobolewa, kuhakikiwa na kuchambuliwa.

Usukumani kuhesabiwa hakukuwa jambo jepesi hata kidogo. Watu walijua kwamba baada ya orodha huja kodi ya kichwa. Katika miaka ya mpango wa maendeleo wa Usukuma uliotawaliwa kutoka Malya baada ya 1947, hesabu ya ng'ombe ilifuatwa na amri ya kupunguza ng'ombe, na hesabu ya ekari ilifuatwa na sheria za matuta na mihogo. Chuki dhidi ya amri hizo ilifikia kilele Geita mwaka 1958, na serikali ya kikoloni ikalazimika kulegeza. Mzee aliyeficha watoto wawili asiandikwe hakuwa mjinga. Alikuwa na uzoefu. Ndiyo maana uaminifu wa sensa ya 1967, ambayo mkulima aliambiwa kuwa ni ya kupanga shule na zahanati zake mwenyewe, ulikuwa na uzito wa kipekee, na kila hatua kati ya kaya na kitabu ilipaswa kuubeba uzito huo.

Sasa tuitazame mashine yenyewe kwa karibu. Kadi iliyoenea zaidi, ile ya kampuni ya IBM ya mwaka 1928, ina urefu wa milimita 187, upana wa milimita 83 na unene usiofika milimita 0.2. Ina safu 80 za wima, na kila safu ina nafasi 12: sifuri hadi tisa, na mbili za ziada juu yake, ya 11 na ya 12. Pembe moja imekatwa, ili kadi iliyogeuzwa ionekane mara moja ikiwa kati ya elfu moja zilizopangwa vizuri. Tuseme safu ya 1 na ya 2 ni namba ya mkoa, ya 3 ni wilaya, ya 4 na ya 5 ni kata, ya 6 jinsia, ya 7 na ya 8 umri. Mwanamke wa miaka 34 wa Kasoli anakuwa matundu manane.

Mwendeshaji huchukua bunda la kadi, hulipepeta kwa vidole ili hewa ipite na kadi zilizogandana ziachane, kisha huligonga kingo zake juu ya bamba hadi zilingane. Hulilaza kifudifudi, ukingo wa tisa ukitangulia, katika kilishio kilicho upande wa kulia, na kuweka uzito mdogo juu. Huzungusha mpini hadi brashi ya shaba ifike kwenye safu anayoitaka, kwa kuwa mashine husoma safu moja tu kwa kila mzunguko. Akibonyeza kitufe, visu vyembamba husukuma kadi ya chini kabisa kupita katika mwanya. Mwanya huo unapitisha kadi moja, haupitishi mbili.

Kadi inapita kati ya brashi na roli la chuma lenye umeme. Karatasi ni kizuizi. Tundu likifika chini ya brashi, nyuzi za shaba hugusa roli, mkondo hupita na sumaku huvuta. Uhodari uko hapo. Juu ya njia ya kadi zimelala pale nyembamba za chuma, moja juu ya nyingine, ncha zake zikiwa zimepangana kwa hatua. Kila pale ni mwanzo wa njia inayoishia katika kikasha chake. Kadi inaposonga, ukingo wake hupenya chini ya ncha ya pale ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, sambamba na brashi inavyosoma tisa, nane, saba. Sumaku ikivuta, pale zote ambazo kadi haijazifikia hudondoka. Zile ambazo kadi imekwisha kuingia chini yake hubaki juu, zikishikiliwa na kadi yenyewe. Basi kadi haina njia nyingine ila kupita katikati, juu ya zilizoanguka na chini ya zilizobaki, na mikanda huichukua hadi kwenye kikasha cha tundu lake. Vikasha ni 13: kumi vya tarakimu, viwili vya nafasi za juu, na kimoja cha kadi zisizo na tundu katika safu hiyo. Mashine haikumbuki wala haihesabu chochote. Muda ndio akili yake.

IBM 082, iliyotoka mwaka 1949, ilipitisha kadi 650 kwa dakika, yaani zaidi ya kumi kwa sekunde. Mfano wa 083 ulifika kadi 1,000, na 084 kadi 2,000, huo wa mwisho ukisoma matundu kwa mwanga badala ya brashi.

Kwa kuwa husoma safu moja, namba yenye tarakimu mbili hupitishwa mara mbili, na anayejifunza kazi hii hushangaa kuambiwa aanze na tarakimu ya kulia. Chukua kadi nne za kata namba 42, 17, 12 na 47. Mzunguko wa kwanza unasoma mamoja: 42 na 12 zinaangukia kikasha cha mbili, 17 na 47 kikasha cha saba. Zikusanye kwa mfuatano wa vikasha: 42, 12, 17, 47. Mzunguko wa pili unasoma makumi: 12 na 17 katika kikasha cha moja, 42 na 47 katika cha nne. Zikusanye tena: 12, 17, 42, 47. Zimepangika, na hakuna aliyelinganisha kadi mbili kwa macho. Sharti ni moja tu, nalo ni gumu kwa binadamu aliyechoka: vikasha vikusanywe kwa zamu yake, na bunda lolote lisipinduliwe wala kuchanganywa njiani. Ukiangusha bunda moja sakafuni katika mzunguko wa tano, unarudi wa kwanza.

Kitu ninachokipenda zaidi katika ufundi huu ni namna ya kujihakikishia. Kadi zote zilizo katika kikasha cha saba zinapaswa kuwa na tundu la saba katika safu ileile. Mwendeshaji hulinganisha bunda, huliinua dirishani, na kutazama kupitia humo. Mwanga ukipenya kutoka upande hadi upande, kazi ni safi. Au huingiza sindano ndefu ya chuma. Sindano ikikwama katikati, iliyoikwamisha ni kadi isiyo ya hapo, nayo hutolewa na kuchunguzwa. Hakuna fomula wala cheti kinachohitajika ili kuyaamini matokeo ya jaribio hilo.

Kukwama kwa sindano ndiko kulikomwita fundi. Brashi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Nyuzi zake huchakaa kwa kusuguana na karatasi, zikawa fupi, zikaruka matundu, na kikasha cha kadi zilizokataliwa kikajaa kadi zisizo na kosa. Zikiwa ndefu au zimechanua, ncha moja hugusa tundu la safu ya jirani, na mashine ikasoma umri mahali pa jinsia. Kinachofuata ni muda. Brashi inapaswa kugusa roli tundu likiwa limefika sawasawa, pale za chuma zikiwa mahali pake. Mpishano kidogo tu unatosha kuipeleka kadi ya tano kwenye kikasha cha nne au cha sita, na kosa hilo halina kelele. Mashine huendelea kunguruma vizuri, vikasha hujaa, na mtu wa kata moja akawa amehamia kata nyingine bila kutoka nyumbani kwake. Fundi alizungusha mtambo taratibu kwa mkono, akafuatisha alama za digrii kwenye gurudumu lake, hadi mguso uanze na kukoma palipoandikwa.

Mwanya wa kilishio ulipimwa kwa vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Ukiwa mpana, kadi mbili huingia pamoja, ya juu ikafichwa na ya chini. Ukiwa mwembamba, kadi hupasuka. Mafundi wa vinu vya kuchambua pamba, Kasoli na kwingineko Bariadi, wanaijua kazi ya namna hii: nafasi kati ya kisu na roli ndiyo inayoamua kama nyuzi zitatoka safi au mbegu zitapondwa, na nafasi hiyo haijirekebishi.

Kadi iliyokwama na kukunjamana hutolewa vipande vipande kwa bamba jembamba lenye meno, kwa subira, bila kupinda pale za chuma zilizo chini yake, maana pale iliyopinda hupotosha kadi zote zinazofuata. Vumbi la karatasi ni la kila siku. Kila kadi huacha unga kidogo, unga hukaa kwenye roli na kuzuia umeme, kwa hiyo roli hupanguswa, brashi hufagiliwa, na oili hutiwa tone kwa tone kwenye beringi, kwa kuwa ikizidi huchafua kadi na kuzigandisha.

Hali ya hewa nayo ilikuwa na neno lake. Karatasi hunywa unyevu. Kadi iliyoachwa wazi katika joto la pwani hutanuka na kupinda, matundu yake yakasogea kidogo kutoka mahali brashi inapoyategemea. Ndiyo maana kadi zilitunzwa zikiwa zimebanwa, na zilitakiwa kukaa katika chumba cha mashine kabla ya kutumiwa ili zizoee hewa yake. Nyanda kavu za Usukuma zingefaa zaidi kwa kazi hii kuliko Dar es Salaam, lakini mashine hufuata umeme na ofisi kuu.

Sasa rudi kwenye ile 12,313,469. Tuseme kila Mtanzania wa mwaka 1967 angepewa kadi moja. Zikirundikwa, kadi hizo zingefika kimo cha kilomita mbili na zaidi, na uzito wa karibu tani 30. Kwa mwendo wa kadi 650 kwa dakika, safu moja tu ingechukua saa 316 bila kusimama, yaani takribani siku 40 za kazi za saa nane. Namba ya mahali yenye tarakimu tano ingetaka siku 200 za mashine moja, kabla ya kugusa jinsia na umri. Wilaya ya watu 400,000 ni saa kumi na dakika 15 kwa kila safu. Ukiyaweka mahesabu haya mezani, unaelewa kwa nini watakwimu walipenda sampuli, na kwa nini serikali changa zilizotaka mipango ya miaka mitano ziliitazama kompyuta kwa hamu kubwa.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, ambayo kwa asili yake ni RCA 301 ya Marekani iliyouzwa kwa jina la Kiingereza. Mashine za kizazi hicho hazikuiua kadi. Zilizoea kuisoma. Taarifa ziliendelea kutobolewa, kuhakikiwa na mara nyingi kuchambuliwa pembeni, kwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo na saa zake ghali, ilhali mashine ya kuchambua haikuhitaji ila umeme, mwendeshaji na fundi.

Matokeo ya sensa ya 1967 yalitolewa katika juzuu sita, ya mwisho ikiwa ile ya uchambuzi iliyohaririwa na Bertil Egerö na Roushdi Henin mwaka 1973. Mwaka mmoja baadaye, baada ya hasara na matatizo katika mfumo wa hesabu za serikali uliotegemea kompyuta, Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Zilikuwapo kompyuta saba tu nchini. Mengi yamesemwa kuhusu uamuzi huo, mengi ya kulaumu. Mimi naona kiini chake kilikuwa cha haki: nchi ilikuwa imelipia mashine kabla ya kulipia watu wa kuzijua kwa ndani. Mashine ya kadi ilifunguka vifuniko, kosa lake likaonekana kwa jicho na kushikwa kwa kidole. Kijana mwenye uzoefu wa kinu, reli au karakana angeweza kuifahamu kwa kuitazama ikizunguka taratibu. Kompyuta ilimwacha nje, na kipindi cha kumfundisha kilirukwa. Marufuku iliyofuata ililegezwa kidogo kidogo, hadi ikaondolewa miaka ya 1990.

Mbinu ya vikasha haikufa pamoja na kadi. Mwaka 1954 Harold Seward, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, alionyesha namna ya kuiendesha ndani ya kumbukumbu ya kompyuta bila kutenga nafasi kubwa kwa kila kikasha: kwanza hesabu ni ngapi zitaangukia kila tarakimu, kisha ujue kila rundo litaanzia wapi. Programu za leo bado hupanga namba ndefu hivyo, tarakimu ya kulia kwanza, kwa sharti lilelile la kutovuruga mfuatano uliotangulia.

Sensa ya Agosti 2022 iliandikwa kwa vishikwambi. Mkoa wa Simiyu, uliokuwa na watu 1,584,157 mwaka 2012, ulikutwa na 2,140,497. Hakuna kadi iliyosafirishwa kutoka Kasoli wala brashi iliyobadilishwa, lakini kila kaya iliyoandikwa ilibeba mfuatano wa namba: mkoa, wilaya, kata, kijiji, kitongoji. Kwa mfuatano huo diwani anaweza kuomba idadi ya watoto wa kata yake peke yake, akaipata siku hiyohiyo.